Kwa Nini Kitambulisho Kiulize Kabila?

Kijana wa Ekalakala au Kivaa anapofikisha miaka 18, safari yake ya kutambuliwa na serikali huanzia kwa mzee wa mtaa. Mzee humfahamu baba yake, na pengine alimfahamu hata babu. Kutoka hapo kijana huenda kwa naibu wa chifu, kisha kwa chifu, na mwishowe hubeba cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na cheti cha shule mpaka ofisi ya usajili. Huko huchukuliwa alama za vidole, hupigwa picha na kujaziwa fomu. Katika fomu hiyo kuna swali la kabila. Kijana hujibu kwamba yeye ni Mkamba, karani huandika, na foleni husonga mbele.

Kadi ya kizazi cha pili, ambayo wengi wetu bado tunayo mfukoni, haina kabila. Ina majina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na wilaya ya kuzaliwa, na nyuma yake tarafa, kata na kata ndogo. Lakini jibu la kijana limebaki kwenye daftari la serikali. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, katika kifungu cha 5, inaorodhesha mambo ambayo msajili hana budi kuyaandika, na kati ya jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa kuna kabila au rangi ambayo mtu ametangaza. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1947, nchi ikiwa bado chini ya gavana Mwingereza. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Maneno kabila na rangi bado yamo.

Ninaamini kwamba swali hilo linapaswa kufutwa. Nalisema hili nikiwa Mkamba wa Masinga, kaunti ya Machakos, ambaye swali lenyewe halijawahi kumdhuru, na kwa sababu hiyo hasa naona ni wajibu wangu kulisema. Sisi hatukuumia, kwa kuwa jibu letu limo kwenye orodha ya karani, majina yetu yanafanana na jibu hilo, na kata iliyoandikwa nyuma ya kadi inalithibitisha. Mtu anayepita mlangoni bila kuinama hawezi kujua mlango ni mfupi kiasi gani.

Swali hili lina ukoo wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuandikishwa na kubeba kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kisanduku cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, wilaya yake, alama za vidole na majina ya waajiri waliompa kazi. Mzungu na Mhindi hawakuvaa kipande. Kabila liliandikwa pale kwa sababu lilikuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 1926 ardhi ya Waafrika ilitangazwa kuwa maeneo ya hifadhi ya makabila, na mwenye kipande alitakiwa kuwa katika hifadhi yake au kazini kwa bwana wake. Mkamba aliyekutwa mahali pengine alikuwa na maelezo ya kutoa. Kwa hiyo kabila lilikuwa anwani, na anwani hiyo ilikuwa na mipaka yenye kulindwa na polisi.

Wakoloni hawakuishia kwenye anwani. Walilipatia kila kabila tabia yake. Sisi tulipewa uaminifu. Wakamba, ilisemekana, ni askari wa kuzaliwa, watiifu kwa serikali, na kwa hiyo vijana wa Machakos na Kitui walijazwa katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Mwanahistoria Myles Osborne aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2014, kuonyesha jinsi sifa hiyo ilivyotengenezwa na jinsi Wakamba wenyewe walivyojifunza kuitumia. Mwaka 1938, serikali iliponyang'anya watu ng'ombe kwa hoja kwamba mifugo ilikuwa imezidi ardhi, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ulisimamishwa. Serikali ilijua fika kwamba ilikuwa inawagusa baba na ndugu za askari wake.

Miaka 14 baadaye Paul Ngei wa Machakos alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Achieng' Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba, wakahukumiwa Kapenguria. Katika kesi hiyo Mkamba mtiifu wa vitabu vya kikoloni alikuwa ameketi kizimbani kama mshtakiwa. Hata hivyo sifa ile haikufa. Mpaka leo mtu atasikia Nairobi kwamba Wakamba ni walinzi wazuri, wapishi wazuri, watu wasio na makuu, na wakati wa uchaguzi atasikia kwamba ni watu wa kutegemewa kupiga kura kama kikundi kimoja. Kinachosikitisha ni kwamba na sisi tumeishika. Mtoto wa Masinga anayetaka kuwa mhandisi anakua akisikia kutoka kwa watu wa nje, na wakati mwingine kutoka nyumbani kwao, kwamba watu wake wana vipaji vya aina fulani tu.

Tazama sasa Masinga yenyewe. Kwa mtu aliye mbali, ni Ukambani tupu. Ukikaa hapa utaona vingine. Mwaka 1981 bwawa la Masinga lilikamilika juu ya mto Tana, likiwa la kwanza kupokea maji kati ya mabwawa matano yanayofuatana mpaka Kiambere. Lina uwezo wa kushika maji meta za ujazo zipatazo bilioni 1.56. Bwawa hilo lilifunika mashamba na malisho, na lilileta uvuvi mahali ambapo watu walizoea mbaazi, ndengu, mtama na mbuzi. Uvuvi ukaleta wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka sehemu nyingine za nchi. Umeme ukaleta wafanyakazi. Shule zikaleta walimu. Barabara ya kutoka Kangonde kuvuka Tana kuelekea Kiritiri na Embu ikawa njia ya bodaboda, mikokoteni na mahari. Ng'ambo ya maji ni Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, na katika kata ya Makima huko ng'ambo Wakamba ni wengi, wamezika wazee wao huko, wanapiga kura huko.

Mto ambao kwa vizazi vingi ulikuwa kivuko umegeuzwa mpaka wa kaunti, na kwa kuwa kaunti zetu zilirithi wilaya zilizochorwa na mkoloni kwa kufuata makabila, mpaka wa kaunti unasomwa kama mpaka wa damu. Mzozo wa ardhi ya mpango wa makazi wa Mwea, zaidi ya ekari 40,000, umeendelea kwa miongo mingi, na karibu kila mara unazungumzwa kwa lugha ya fungu la Waembu, fungu la Wambeere, fungu la Wakamba, fungu la Wakikuyu. Mtu aliyelima kipande kile kwa miaka 30 haulizwi amelima nini wala amelima tangu lini. Anaulizwa ni nani. Mkulima wa Makima ni raia wa Kenya mwenye haki zote za kumiliki ardhi chini ya Katiba, lakini katika mzozo ule uraia wake haumfai kitu mpaka kwanza ajitetee kwamba kabila lake lina haki ya kuwa ng'ambo ile ya mto.

Wazee wetu hawakuwa wagumu hivi. Katika njaa ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo Ukambani inakumbukwa kama Ngomanisye, familia nyingi zilikimbilia kwa Wakikuyu, Waembu na Wambeere. Wengine waliacha watoto huko kama rehani ya chakula. Wapo waliorudi na wapo waliobaki, wakaoa, wakaolewa, wakaingizwa katika koo za huko, na wajukuu wao leo ni Wakikuyu na Waembu wasio na shaka yoyote. Nasi tulipokea watu kwa njia hiyo hiyo. Mila yetu ya iweto, ambapo mwanamke asiyejaliwa mtoto analipa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili watoto wake wawe wa nyumba ile, inaonyesha kwamba kwa Wakamba mtu huwa wa ukoo kwa kupokelewa. Mahari imelipwa, jina limetolewa, mtoto ni wa hapa. Hakuna aliyedai kuona damu yake kwanza.

Fomu ya usajili haina nafasi ya historia kama hiyo. Ina mstari mmoja. Mtoto wa mama Mkamba wa Thatha na baba Mmbeere wa Makima ataandika moja kati ya hayo mawili, na kwa mazoea ataandika la baba. Hapa ndipo ninapoona kasoro ambayo haizungumzwi vya kutosha. Katiba ya 2010, Ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mama na baba wamesawazishwa. Lakini swali la kabila, kama linavyojibiwa mbele ya chifu na karani, bado linafuata upande wa baba. Katika sehemu kama yetu, ambako watoto wengi wamelelewa na mama au nyanya peke yao, hilo si jambo dogo. Kijana asiyemjua baba yake hujikuta akiulizwa kabila na kulazimika kueleza maisha ya mama yake mbele ya watu, ofisini, ili apate kadi ambayo Katiba tayari imemwahidi kwa kuwa tu mama yake ni Mkenya.

Na sasa nije kwa wale ambao jibu lao halikuwamo kwenye orodha.

Wamakonde walifika pwani ya Kenya kutoka Msumbiji, wengi wao katika enzi ya mkoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Uhuru ukawakuta hapo. Watoto wao walizaliwa Kenya, na wajukuu wao pia. Lakini kabila la Makonde halikuwa katika makabila ya Kenya kama makarani walivyoyajua, na kwa hiyo vizazi vitatu viliishi bila kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, hakuna kazi rasmi, hakuna hati ya shamba. Wengine walijiandikisha kwa majina ya makabila ya majirani ili wapate kuishi. Oktoba 2016 waliamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kadi za kwanza zilitolewa mapema mwaka uliofuata.

Siku ile nchi nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini fikiria vizuri kilichotokea. Watu waliozaliwa Kenya hawakutambuliwa kuwa Wakenya mpaka kwanza watambuliwe kuwa kabila. Uraia ulifuata kabila kama mkia unavyomfuata mbuzi. Julai 2017 ikawa zamu ya Wakenya wenye asili ya Kihindi na nchi nyingine za Asia Kusini, wakatangazwa kuwa la 44, ingawa wengi wao walikuwa raia tangu 1963 na walikuwa wamelipia uraia huo kwa gharama kubwa. Makhan Singh, aliyedai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki mwaka 1950, alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Pio Gama Pinto aliuawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965, mauaji ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru. Watu hao hawakusubiri namba ya kabila ili wawe wetu. Desemba 2020 Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kama wahubiri, walipewa uraia. Mwaka 2023 ikawa Wapemba wa pwani. Kila mara ni rais anayetangaza, kila mara ni sherehe, na kila mara mlango ni ule ule. Katiba yetu haina orodha ya makabila hata moja. Haisemi 42, haisemi 44. Hesabu ya 42 inayoimbwa kila mahali ilitokana na jinsi sensa ya 1969 ilivyowapanga watu, na hata mpango huo umebadilika. Wakipsigis, Wanandi na Watugen waliohesabiwa mbalimbali mwaka 1969 walihesabiwa pamoja kama Wakalenjin mwaka 1979, chini ya jina lililoanza kutumika katika miaka ya 1940. Ikiwa orodha inabadilika kwa miaka 10, haiwezi kuwa msingi wa kuamua nani ni wa nchi hii daima.

Wanubi ni mfano mchungu zaidi. Walikuja kama askari wa Waingereza kutoka Sudan, wakapewa Kibra kuishi, wakaishi humo zaidi ya miaka mia. Watoto wao walipofika umri wa kitambulisho waliitwa mbele ya kamati za uhakiki ambazo kijana wa Masinga hajawahi kuziona. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila hakika ya uraia. Ni Wanubi pia waliokuwa mstari wa mbele mahakamani dhidi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza serikali kukusanya DNA za watu kwa mpango huo. Ukisoma sheria ya 2018 iliyoleta hilo, unaona tulikuwa tumekaribia wapi: serikali iliyokwisha kuuliza kabila ilitaka sasa kulitafuta ndani ya mwili.

Halafu kuna Wasomali. Barabara kuu ya Thika kwenda Garissa inapita Kithyoko, hapa hapa kwetu, na kila mtu anayesafiri nayo anajua vizuizi vyake. Kwa miaka mingi abiria wa Kisomali wamelalamika kwamba hushushwa na kudaiwa kitambulisho huku wenzao wakiachwa viti vyao. Katika basi hilo wamo Wakenya wawili waliolipa nauli sawa, na uraia wa mmoja wao unakaguliwa kila kilometa kadhaa. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwaita Wasomali wote wa Kenya kwenye uchunguzi maalumu, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi wazibebe pamoja na kitambulisho cha kawaida. Hakuna Mkamba aliyepewa kadi ya waridi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki wa ziada kwa vijana wa kaunti za mipakani wanaoomba vitambulisho. Nampongeza kwa hilo bila kusita. Lakini tamko la rais mmoja laweza kuondolewa na rais mwingine, na kifungu cha 5 bado kinamwagiza karani kuandika kabila. Kipimo kikiwa bado mezani, mtu wa kukitumia hakosekani.

Wapo watakaoniuliza: na usawa je? Sheria ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Bila kujua makabila, tutajuaje kama Machakos inawaajiri Wambeere, Wakikuyu na Waluo wanaoishi humu? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Anayesema tufute kila kumbukumbu ya kabila anawasaidia wale waliokwisha kujaza ofisi kwa ndugu zao, kwa maana kisichohesabiwa hakiwezi kushtakiwa.

Jibu langu ni kwamba hesabu na uraia ni kazi mbili, zikae katika nyumba mbili. Sensa ihesabu makabila, kwa maneno ya mtu mwenyewe, bila jina lake kuambatanishwa na jibu. Mwaka 2009 zaidi ya Wakenya 600,000 walijibu sensa kwamba wao ni Wakenya tu, na jibu hilo likaandikwa na kuchapishwa kama walivyolitoa. Mwajiri wa umma awaulize wafanyakazi wake kwa ajili ya ripoti ya theluthi moja, nao wajibu kwa hiari. Lakini daftari lenye jina, picha, vidole na kijiji cha kila mtu, daftari ambalo mtu hawezi kuwa raia kamili bila kuandikwa humo, halina haja ya kujua kabila. Wala serikali haijawahi kutuambia inalitumia kwa kazi gani.

Majirani zetu wametufundisha pande zote mbili. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika Hutu, Tutsi na Twa katika kadi za watu miaka ya 1930, serikali huru ikaendelea kuandika, na mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani na wenye mapanga. Kenya ya mapema 2008 haikuwa na kabila kwenye kadi, lakini vijana walisimamisha magari wakidai vitambulisho ili wasome majina. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Kwa upande wa pili, Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu 1967. Miaka sita kabla ya hapo, Oktoba 1961, baadhi ya wabunge wa Tanganyika walipotaka uraia utolewe kwa kufuata rangi, Julius Nyerere alisimama bungeni akawapinga kwa ukali, akaweka kiti chake rehani: wakiipitisha hoja hiyo, atajiuzulu. Haikupita. Na mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 wenye asili ya Burundi waliokuwa wamekaa nchini tangu 1972, pamoja na watoto wao. Hawakutangazwa kwanza kuwa kabila namba fulani la Tanzania. Watanzania bado wana makabila yao, lugha zao na utani wao. Hakuna kilichopotea.

Hili ndilo ningependa watu wa kwetu walielewe, maana najua hofu iliyopo. Kuna wazee watakaofikiri kwamba kuondoa swali la kabila ni kutuondolea Ukamba. Ibara ya 44 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, na hakuna karani anayeweza kuitoa wala kuichukua. Ukamba wetu umo katika lugha tunayowafundisha watoto au tunayoacha kuwafundisha, katika koo za Atangwa na Anzauni na Aombe, katika ngoma na vinyago, katika jinsi tunavyozika na jinsi tunavyolima ardhi kavu. Ukabila ukiwekwa mikononi mwa serikali, serikali itautumia kwa kazi zake. Imewahi kuutumia kutufunga hifadhini, kutupeleka vitani, kutugawa ng'ambo za mto Tana, na kutupanga kwenye hesabu za kura. Ukirudi mikononi mwetu, tutaufanyia kazi zetu.

Fikiria pia Wakamba walio mbali. Baada ya njaa ya 1836 wengine walihamia karibu na Rabai na nyika ya Mombasa. Katika miaka ya 1950 wengine wakahamishiwa Shimba Hills huko Kwale. Vitukuu wao wamezaliwa pwani, wanaongea Kiswahili cha pwani, na bado siasa ikichacha huitwa wabara na kuambiwa warudi kwao. Kwao ni wapi? Je, ni Masinga, ambako hawajawahi kukanyaga? Mkamba anayeumizwa na swali hilo Kwale anapaswa kumwelewa Mkikuyu anayeulizwa hivyo hivyo Masinga, na Mmakonde, na Mnubi, na Msomali wa basi la Garissa. Tunapomwita mfanyabiashara wa soko la Masinga mgeni, ingawa ameishi hapa tangu bwawa lilipojengwa, tunawaandikia hati ya kufukuzwa ndugu zetu wa Shimba Hills.

Marekebisho ninayoomba ni mafupi: maneno kabila na rangi yaondolewe katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Usajili wa Watu, fomu zichapishwe upya, na kijana yeyote aliyezaliwa na mzazi Mkenya apate kitambulisho kwa kuonyesha uzazi wake tu, iwe Kivaa, Mandera au Kibra. Ibara ya 119 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kuliomba Bunge kutunga, kurekebisha au kufuta sheria yoyote. Haihitaji wakili wala chama. Namwomba mbunge wetu alibebe jambo hili, na asipolibeba, nawaomba watu wa Masinga, ambao swali hili halijawahi kuwazuia kitu, tuwe wa kwanza kutia sahihi ombi hilo.